Ghafla na Mghafala

Asubuhi moja ya kiangazi, katika safari ya kutoka Dar es Salaam kwenda Iringa, nilijaliwa kupata kiti cha mbele kabisa ndani ya basi, upande wa kushoto karibu na mlango, mahali ambapo abiria huiona barabara yote kama aionavyo dereva mwenyewe, ila hana usukani mkononi wala breki mguuni. Tulikuwa tumekwisha kuipita Chalinze. Jua limepanda, lami imenyooka kuelekea Mikese, na milima ya Uluguru imeanza kujitokeza kwa mbali upande wetu wa kushoto, nilipomwona mbele yetu mtu akisukuma baiskeli iliyopakiwa magunia mawili ya mkaa. Alikuwa ukingoni mwa lami, akielekea kulekule tulikoelekea sisi, na baina ya kumwona kwangu mara ya kwanza na kumfikia kwetu nilipata nafasi tele ya kuiona rangi ya kofia yake, na jinsi alivyoegemea baiskeli ili uzito usimpindue, na hata majani makavu yaliyozibia midomo ya magunia yale.

Dereva wetu hakuwa mtu wa pupa. Tangu kituoni alikuwa ameendesha kwa utulivu, akipisha panapostahili kupisha, hata nikajisemea moyoni kwamba leo tumepata mtu mwenye kuijua kazi yake. Ndipo simu iliyokuwa juu ya dashibodi ikalia. Aliitazama, akaichukua, akamjibu mtu ambaye, kwa kadiri nilivyosikia, alitaka kujua ni viti vingapi vitakuwa wazi Morogoro. Akageuza shingo kumwuliza konda, akairudia simu, kisha akaishusha mapajani ili atafute namba fulani aliyoombwa. Basi nalo likaanza kuegemea kushoto taratibu sana, kama mtu anayesinzia. Aliyetuokoa ni utingo, kwa ukelele wake. Dereva akainua macho, akaukata usukani kulia kwa nguvu zake zote, na lau lori lililotupita muda mfupi kabla ya hapo lingechelewa kidogo tu, haya nisingeyaandika. Katika kioo cha pembeni nilimwona yule mtu amesimama majanini, baiskeli yake imelala, mkaa umemwagika. Hatukusimama. Jambo hilo linanitia haya mpaka hii leo, maana nilikuwa na kinywa cha kusema na nikanyamaza.

"Jamani, mmeona?" alisema dereva, mikono ikimtetemeka. "Katokea ghafla!"

Naye mama mmoja mtu mzima, aliyeketi nyuma yangu, akamjibu kwa upole, "Mshukuru Mungu, mwanangu. Ajali haina kinga."

Maneno mawili hayo, ghafla na ajali, niliyachukua mpaka Iringa, na tangu siku ile sijapata kuyasikia bila ya kuyachunguza. Yote mawili tumeyapokea kutoka katika Kiarabu. Ajali, kwa asili yake, ni ule muda uliokadiriwa, siku ambayo Mwenyezi Mungu amemwandikia mja wake na ambayo haisogei mbele wala nyuma. Na tulipolichukua neno hilo tukalivika magari yanayogongana, tulichukua pamoja nalo rai ya kuwa jambo lenyewe lilikuwa limekwisha kuandikwa, na kwamba mwenye kushika usukani hana zaidi ya kuipokea kudra. Mimi siikani kudra. Lakini sidhani kuwa ni adabu kumbebesha Mungu taksiri ya mtu aliyekuwa akitafuta namba ya simu mapajani.

Ama ghafla, asili yake si wepesi wa jambo kutukia, bali ni kughafilika. Katika Kiarabu, hiyo ni hali ya mtu ambaye moyo wake umeacha kuangalia. Na Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo vizuri katika neno mghafala, ilhali ghafla yenyewe imekuwa jina la kila kitokeacho bila kutazamiwa. Shina ni moja. Yule msukuma mkaa hakumtokea ghafla hata mmoja wetu tuliokuwa tukitazama mbele. Kwetu sisi alikuwa mtu tuliyemfuata kwa macho tangu mbali, tukakaribia kumzoea. Ghafla ile ilikuwa ndani ya basi, kichwani mwa mtu mmoja, naye ndiye aliyepewa amana ya roho zetu sote.

Inafaa tupige hesabu, kwani mghafala wa dereva hupimika kwa mita. Gari liendalo mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ambao ndio ukomo uliowekwa kwa mabasi yetu katika njia kuu, hukata zaidi ya mita 22 katika kila sekunde moja. Mtu akiinamisha macho kwa sekunde tano, muda ambao hautoshi hata kuitikia salamu kikamilifu, gari limekwenda mita 111, na uwanja wa mpira wa miguu una urefu wa mita 105 hivi. Basi afikirie msomaji uwanja wa mpira ulioko mtaani kwake, wenye watoto na mbuzi na wauza miwa, kisha afikirie chombo cha tani kumi na kitu kikiukata kutoka goli hadi goli, hali ya kuwa anayekiongoza amefumba macho. Zaidi ya hayo, kufumbua macho si kusimama. Kitabu cha kanuni za barabara cha Uingereza hukadiria kuwa gari dogo liendalo kwa mwendo huohuo huhitaji mita 53 ili lisimame: mita 15 za kwanza hupita wakati dereva angali akitambua hatari na kuupeleka mguu kwenye breki, na mita 38 zilizobakia ni za breki yenyewe kufanya kazi yake. Hiyo ni lami kavu, matairi mazima, breki nzuri, na akili iliyopo. Basi lililojaa abiria, lenye mizigo mpaka kwenye buti, huhitaji zaidi.

Sekunde tano hizo sikuzitoa hewani. Mwaka 2009 wataalamu wa chuo cha Virginia Tech, huko Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa kwa kufunga kamera ndani ya malori yaliyokuwa kazini, yakiwa na madereva wake wa kila siku, katika njia zao za kila siku. Wakaona kwamba dereva aandikaye ujumbe kwenye simu, katika kila sekunde sita zinazotangulia tukio la hatari, macho yake huwa nje ya barabara kwa sekunde 4.6, na hatari ya kugonga au kukaribia kugonga ilizidi mara 23 kuliko ya dereva ambaye hakushughulishwa na kitu. Hawa walikuwa watu wa kazi, waliokula miaka barabarani, na wala si vijana waliopata leseni juzi. Nataja hilo kwa sababu madereva wetu wazoefu wana ghururi moja ya kudhani kwamba uzoefu ni kinga, nao husema, "Mimi barabara hii naijua kwa kichwa." Barabara huenda anaijua. Mtu anayeisukuma baiskeli leo hamjui.

Watakuwapo wasomaji watakaonijibu kwamba tatizo ni mkono na jicho tu, na kwamba dereva akiitia simu katika spika ya gari, au akavaa kile kifaa cha sikioni, akayaacha macho mbele na mikono yote miwili kwenye usukani, hapana neno. Rai hiyo imeenea sana, na nchi nyingi zimeijenga ndani ya sheria zao, kwa maana huharamisha simu iliyoshikwa mkononi na kuiacha ile isiyoshikwa. Mimi pia niliishi nayo miaka mingi. Lakini mwaka 1997 wataalamu wawili wa Toronto, nchini Canada, Redelmeier na Tibshirani, waliwachunguza madereva 699 waliokuwa na simu na waliopatwa na ajali za kuharibu magari, wakalinganisha saa ya kila ajali na hesabu za simu zilizopigwa. Walikuta kwamba hatari ya kugonga wakati wa kuzungumza ilikuwa mara nne ya hatari ya kawaida, na kwamba wale wasioshika simu mkononi hawakuwa na nafuu yoyote iliyoonekana juu ya wenzao walioishika. Shirika la Afya Duniani nalo limekuwa likisema hayohayo: ni mara nne, na simu isiyoshikwa haina usalama mkubwa kuliko ile iliyoshikwa.

Sababu yake ni kwamba jicho peke yake halioni. Jicho hupokea, aonaye ni moyo, kwa maana ile ya wahenga, yaani ile nadhari ambayo mtu huielekeza kwenye kitu. Mwaka 1999 Daniel Simons na Christopher Chabris, waliokuwa Harvard, waliwaonyesha watu filamu fupi ya vijana wakipasiana mpira wa kikapu, wakawaomba wahesabu pasi za wale waliovaa nguo nyeupe. Katikati ya filamu mtu aliyevaa vazi zima la gorila aliingia miongoni mwa wachezaji, akasimama, akajipiga kifua, akaondoka zake. Takribani nusu ya watazamaji hawakumwona. Hawakuwa vipofu, wala hawakugeuza macho pembeni. Gorila alipita pale pale walipokuwa wakitazama. Hesabu ilikuwa imewajaa. Sasa mweke mahali pao dereva anayejadiliana na ndugu yake juu ya mpaka wa shamba la urithi, uchungu umempanda, akitafuta maneno ya kumjibu: macho yake yako mbele, lami ameikodolea, na mtoto avukaye njia huenda asiwe na sura yoyote ndani ya kichwa chake mpaka wakati ambapo breki haina faida tena.

Na mghafala huo hauondoki pale simu inapokatwa. Wachunguzi wa Chuo Kikuu cha Utah walipima mwaka 2015 mitambo ya kuamrishwa kwa sauti ambayo siku hizi hufungwa ndani ya magari mapya, wakaona kwamba kwa baadhi yake akili ya dereva huendelea kuburutwa hata sekunde 27 baada ya kazi kumalizika. Kwa mwendo wa basi letu, hizo ni mita 600. Hili mimi halikunishangaza, kwani nani kati yetu hajakata simu yenye habari nzito, akaendelea kusema peke yake midomo ikimchezacheza?

Swali la haki ni hili: kama mazungumzo ni hatari, mbona abiria aliyeketi kando ya dereva si hatari vilevile? Tofauti yao ni kubwa. Mwenzako aliye pembeni huiona barabara pamoja nawe; lori likitokea mbele hunyamaza katikati ya neno, pengine hushika dashibodi, pengine huwa yeye wa kwanza kusema "angalia yule". Mazungumzo yake hupumua pamoja na njia. Aliye katika simu yuko Kariakoo dukani mwake, au yuko Nairobi, au Muscat, na kwake njia yako ni tambarare tupu; ukinyamaza kwa kuwa ng'ombe wanavuka, yeye hukuuliza, "Haloo? Unanisikia?" na hukuzidishia maneno pale hasa unapohitaji ukimya.

Hapa nafika kwenye jambo ambalo vitabu vya wenzetu haviwezi kutuandikia, kwa kuwa ni la kwetu. Sisi ni watu wa salamu. Simu yetu haianzi na haja. Huanza na shikamoo na marahaba, kisha habari za asubuhi, za nyumbani, za watoto, za huko mvua, mgonjwa wenu anaendeleaje, na hapo ndipo mtu huvuta pumzi na kusema kilichompeleka. Adabu hiyo ni hazina, na ningekuwa wa mwisho kutaka ipunguzwe hata herufi moja. Lakini tazama inavyomfunga dereva. Anayepiga ni mjomba wake, au ni mama mzazi, au ni mwenye gari, yaani ni mtu ambaye hapokelewi kwa neno moja wala hakatwi. Na mtoto aliyelelewa vizuri huona ni uasi kuiacha simu ya mama ilie mpaka ichoke. Nimewahi kumwona dereva wa teksi mjini Tanga akiendesha kwa mkono mmoja kilomita nzima ya barabara iliyojaa wanafunzi, akiitikia "ndiyo mama, ndiyo mama," na uso wake wote ulikuwa ni uso wa utiifu. Kilichomponza ni malezi mema. Kumwambia mtu kama huyo kwamba avunje heshima ni kazi bure. Kinachowezekana ni kuifundisha jamaa nzima kwamba heshima mpya ni kutompigia mtu aliyeko njiani, na kwamba simu isiyojibiwa na mtoto anayeendesha ni dalili kuwa anaongozwa na akili zake.

Simu nimeisema kwa kirefu kwa kuwa ndiyo mfalme wa vishawishi vya leo, walakini mghafala ulikuwapo kabla yake. Katika mabasi ya zamani palikuwa na maandishi juu ya kioo cha mbele yaliyowakataza abiria kuzungumza na dereva gari likiwa katika mwendo, na ni hasara kwamba yamefifia, kwa maana nafasi yake siku hizi imechukuliwa na runinga inayoonyesha michezo ya kuigiza na muziki, na wapo madereva ambao jicho moja hulikopesha huko. Dereva wa daladala ana kazi tatu kwa wakati mmoja: kuendesha, kuwatafuta abiria waliosimama pembeni, na kumtazama mwenzake wa nyuma asije akampita kituoni. Kijana wa bodaboda amebuni lake, la kuipachika simu baina ya sikio na kofia yake ngumu, akazungumza mikono ikiwa huru, na hapo hujiona amepata dawa, kumbe sikio moja limekwisha kuzibwa lisisikie honi yoyote ya ulimwengu. Kuna mahindi ya kuchoma na korosho zinazonunuliwa dirishani na kuliwa huku gari likiendeshwa kwa viwiko. Kuna mtoto anayelia kiti cha nyuma.

Na kuna yale ya nje, ambayo hayana mwenyewe wa kulaumiwa. Njia ya Iringa hupita ndani ya hifadhi ya Mikumi kwa kilomita zipatazo 50, na msafiri asiyeizoea, akiona tembo au kundi la twiga karibu na lami, hugeuka mtoto. Hutafuta simu apige picha, mwendo ukiwa uleule, na nyuma yake kuna lori la shaba la kutoka Zambia ambalo halikuja kutazama wanyama. Anayetaka kumtazama tembo na apunguze mwendo kwa taratibu, atoe ishara, asimame mahali panaporuhusiwa, kisha atazame hata moyo wake uridhike. Vivyo hivyo kwa gari lililopinduka korongoni: macho hulifuata yenyewe, na mara nyingi ajali ya pili huzaliwa na watazamaji wa ile ya kwanza.

Wenzetu wa angani walijifunza mapema, nao walijifunza kwa damu. Tarehe 11 Septemba 1974 ndege ya abiria ilianguka kabla ya kuufikia uwanja wa Charlotte, katika jimbo la North Carolina nchini Marekani, wakati wa ukungu, na zaidi ya watu 70 walikufa. Kinasa sauti kilipofunguliwa, ilisikika kwamba marubani, katika dakika zilezile za kushuka, walikuwa wakizungumza siasa na magari yaliyotumika, na kimo cha ndege kiliwaponyoka. Baadaye, mwaka 1981, serikali ya nchi ile ikatoa kanuni kwamba ndege ikiwa chini ya futi 10,000, yaani kama mita 3,000 hivi, marubani wasiseme wala kutenda jambo lolote lisilohusu kuiongoza. Hapana soga, hapana hesabu za kampuni, hapana chakula. Nalo ni jambo la kuzingatia kwamba neno letu rubani, kabla ya kupaa angani, lilikuwa la baharini, jina la yule aliyekijua kina cha maji na kukiongoza chombo kati ya miamba. Na usukani nao ulikuwa wa jahazi kabla ya kuwa wa gari. Katika majahazi ya bahari yetu hesabu za shehena zilikuwa na karani wake. Mshika usukani hakuulizwa bei ya tende.

Basi nauliza: kwa nini dereva wa basi, ambaye hana futi 10,000 za kumtenga na mauti, aulizwe viti vilivyo wazi? Konda yuko, utingo yuko, na simu wanazo. Mwenye basi akitaka kujua abiria wangapi wanashuka Morogoro, na ampigie konda. Hili ni jambo dogo, halina gharama hata ya senti moja, na mwenye mabasi anayelitaka anaweza kuliamuru leo kabla ya jua kutua. Mwenye mali anayempigia dereva wake akiwa kwenye usukani, kisha akamfukuza kazi akigonga, hana haki mbele ya mtu yeyote.

Sheria nazo hazikulala. Uingereza iliharamisha simu ya kushikwa mkononi mwezi Desemba 2003, na ilipoona kwamba watu hawaogopi ikapandisha faini mwaka 2017, kisha mwaka 2022 ikaziba ule mwanya wa wale waliodai kwamba hawakuwa wakizungumza, walikuwa wakipiga picha tu au wakichagua wimbo. Kenya imeweka faini ya shilingi 2,000 kwa dereva anayetumia simu gari likiwa katika mwendo. Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania, inayokataza uendeshaji wa uzembe na wa hatari, ni ya mwaka 1973. Na ni ajabu ya tarehe kwamba mwaka huohuo, siku ya tarehe 3 Aprili, mhandisi Martin Cooper alisimama njiani mjini New York akapiga simu ya kwanza duniani ya kubebwa mkononi. Walioitunga sheria ile hawangeweza kujua kilichokuwa kikija. Askari wa barabarani hufanya awezalo, na ninamheshimu anayesimama juani kwa ajili yetu, lakini askari huliona gari kwa sekunde chache na huacha kuliona kwa saa nzima. Kanuni zilizotungwa Kenya chini ya waziri John Michuki, na kuanza kusimamiwa mwaka 2004, ziliwalazimisha wenye matatu kufunga mikanda na vidhibiti mwendo, na watu wakaona kwamba mazoea ya miaka yanaweza kubadilika. Lakini fikra ya dereva haijapata kidhibiti cha kufungiwa.

Sitaki msomaji adhani kwamba nasema haya kwa ajili ya magari. Watu takribani milioni 1.19 hufa barabarani kila mwaka duniani, kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, na kwa watoto na vijana wa kati ya miaka 5 na 29 hakuna kinachowaua zaidi ya hicho. Zaidi ya nusu ya wanaokufa hawakuwa ndani ya gari lolote lenye kuta: ni waendao kwa miguu, wapanda baiskeli na wapanda pikipiki. Ni yule mtu wa magunia mawili. Yeye hakuwa na simu iliyolia wala picha ya kutazama; fikra zake zote zilikuwa juu ya uzito uliotaka kumpindua; na bado mghafala wa mtu mwingine, aliyeketi juu ya kiti laini, ndio uliokuwa na hukumu ya kama mkaa ule ungefika sokoni na yeye angerudi kwa wanawe.

Mimi mwenyewe niendeshapo, kabla ya kuwasha gari, huizima sauti ya simu na kuitia ndani ya kisanduku cha dashibodi, nikakifunga. Njia niliyoikusudia huwa nimekwisha kuitazama. Maji huwa karibu, kiti na vioo vimekwisha kurekebishwa, na kama ninaye mtu pembeni, yeye ndiye msemaji wangu. Walio nyumbani nimewazoesha neno moja kabla ya kuondoka: "Naingia njiani, nitapiga Morogoro," na Morogoro nikifika husimama, hunywa chai, na hupiga, salamu zikachukua muda wake wote unaozistahili. Mwanzoni walilalamika. Mama yangu hasa alidhani nimebadilika tabia. Siku hizi yeye ndiye anayewaambia wengine, "Mwacheni, yuko kwenye usukani."

Kwa hivyo ombi langu la mwisho nalipeleka kwako wewe unayepiga simu, maana dereva ameshaambiwa mengi na wewe hujaambiwa neno. Ukimpigia mtu ukasikia mvumo wa injini au mlio wa honi nyuma ya sauti yake, usimwulize amefika wapi. Mwambie, "Utanipigia ukisimama," kisha ukate wewe, bila kungoja ajibu.